Wasia Wenye Jibu: Baba na Mwana katika Filamu "Le Grand Voyage"

Miongoni mwa tungo kongwe za ushairi wetu, wasia una mahali pake pa heshima. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye utenzi ambao hata leo hautajwi ila kwa taadhima, na katika karne ya 20 Shaaban Robert naye aliwatungia watoto wake tenzi mbili, ule wa Hati kwa binti na ule wa Adili kwa mwana. Tenzi hizi zatofautiana kwa zama na kwa mazingira, lakini zafanana kwa umbo. Mzazi husema, mtoto husikiliza. Mzazi amekwisha kuiona dunia, mtoto ndiyo kwanza anaingia. Jibu la mtoto halimo katika utenzi, wala halitazamiwi.

Umbo hili husimama juu ya nguzo tatu. Ya kwanza ni kwamba mzazi anayo maneno ya kusema. Ya pili ni kwamba mtoto anayo masikio ya kuyapokea. Ya tatu, ambayo aghalabu hatuifikirii kwa kuwa tumeizoea mno, ni kwamba wote wawili husema lugha moja na huishi katika dunia moja. Katika makala hii tunakusudia kuitazama kazi moja ya sanaa ambamo nguzo zote tatu zimeanguka, na hata hivyo baba akamwachia mwanawe wasia. Kazi hiyo ni filamu iitwayo "Le Grand Voyage", yaani Safari Kuu, iliyotolewa mwaka 2004. Aliyeitunga na kuiongoza ni Ismaël Ferroukhi, mzaliwa wa Morocco aliyekulia Ufaransa. Ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza, na katika tamasha la Venice la mwaka huohuo ilipata tuzo ya filamu ya kwanza iliyo bora.

Huenda msomaji akauliza: katika kitabu cha utamaduni wetu, filamu ya Wamorocco wa Ufaransa yatuhusu nini? Yatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, ugomvi uliomo ndani yake si mgeni kwetu. Kijana aliyesoma na mzazi asiyesoma, kijana wa mjini na mzazi aliyetoka shamba, ni watu tunaowafahamu katika kila mkoa na karibu katika kila ukoo. Pili, lugha yetu ina neno moja linaloifungua filamu hii kama ufunguo ufunguavyo kasha lake. Neno hilo ni radhi. Tutalirejea baadaye.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Baba mmoja mzee, Mmorocco aliyeishi miaka mingi kusini mwa Ufaransa, anataka kwenda Makka kuhiji, na anataka kwenda kwa motokaa. Mwanawe mkubwa ndiye aliyekuwa amwendeshe, lakini amenyang'anywa leseni. Basi zamu inamwangukia mwana mdogo, Réda, aliye katika matayarisho ya mtihani wa kumaliza shule, na aliye na mchumba Mfaransa ambaye nyumbani hajulikani. Réda hataki kwenda. Anakwenda kwa kuwa hakuthubutu kukataa. Wawili hao wanatoka Ufaransa wakiwa ndani ya motokaa kuukuu, wanapita Italia, Slovenia, Kroatia, Serbia, Bulgaria na Uturuki, kisha Syria na Jordan, hata wakaingia Saudia. Ni maelfu ya kilometa. Baba anaigiza Mohamed Majd, mwigizaji wa Morocco aliyefariki mwaka 2013, na mwana anaigiza Nicolas Cazalé. Yafaa tukumbuke kwamba mwana anaitwa kwa jina, lakini baba hapewi jina tangu mwanzo hadi mwisho. Yeye ni baba, basi.

Ili tumwelewe mzee huyu hatuna budi kutazama alikotoka. Mwaka 1963 Ufaransa na Morocco zilitiliana mkataba wa kupeleka wafanyakazi, na Wamorocco wengi wakaenda kufanya kazi katika migodi, viwanda na mashamba ya Ufaransa. Mwaka 1974 Ufaransa ilisimamisha kuingiza vibarua wapya, na waliokwisha kuwako wakaanza kuishi huko na jamaa zao. Watoto waliozaliwa au kulelewa huko walifundishwa shuleni lugha na desturi za nchi ile. Hivyo katika nyumba moja waliishi watu wa nchi mbili. Réda ni mtoto wa nyumba ya namna hiyo, na nyumba ya namna hiyo ndiyo inayosafiri barabarani ndani ya motokaa.

Jambo la kwanza linalomgutusha mtazamaji ni lugha. Baba husema Kiarabu cha Morocco, na mwana hujibu kwa Kifaransa. Wala si kwamba hawaelewani maneno. Kila mmoja anaifahamu lugha ya mwenzake kiasi cha kumtosha, bali kila mmoja anakataa kuvuka kizingiti chake. Mzee akinena lugha ya mwanawe, ataona ameisalimisha nyumba yake. Kijana akinena lugha ya babaye, ataona amerudishwa utotoni. Sisi tunaoishi penye lugha nyingi hatuna haja ya kufafanuliwa jambo hili. Mara ngapi bibi husema lugha ya kabila, mjukuu akajibu kwa Kiswahili? Na mara ngapi mzazi husema Kiswahili, mtoto wa shule akajibu kwa Kiingereza, si kwa sababu hakusikia, ila kwa sababu anataka ijulikane kwamba yeye hayuko tena pale alipo mzazi wake? Ferroukhi halihubiri jambo hili. Anawaacha watu wake waseme tu, nasi tunausikia ufa.

Ufa wa pili ni elimu. Mzee hasomi, na mwana ndiye anayesoma ramani, vibao vya njiani na karatasi za mipakani. Hapa utaratibu wa kawaida umepinduka, kwa maana anayeongoza safari ni yule asiyejua njia, na anayejua njia ni yule asiyeitaka safari. Wanapopotea, mzee anamwambia kijana kwamba huenda anajua kusoma na kuandika, lakini maisha hayajui. Ni neno kali, na ndani yake mna aibu pamoja na hasira. Walimu waliofundisha madarasa ya watu wazima baada ya mwaka 1970 kutangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima nchini Tanzania wanaifahamu aibu hiyo. Baba aliyesomewa barua na mwanawe alikuwa hana siri mbele ya mtoto, na mtoto aliyesoma barua za babaye alionja mamlaka kabla ya umri wake. Mzee wa filamu hii yumo katika hali hiyo kwa safari nzima, na ukali wake ndiyo ngao aliyobakiwa nayo.

Yatupasa hapa kutahadharisha. Mara nyingi darasani kazi ya fasihi inapohusu mzee na kijana, mwalimu na wanafunzi huikimbilia methali ya "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu", wakaandika ubaoni kwamba hilo ndilo funzo, wakafunga kitabu. Filamu hii haikubali kufungwa upesi namna hiyo. Katika sehemu yake ya kwanza mkuu naye hasikii. Kijana anapotamani kusimama Italia auone mji, anakatazwa, kwa kuwa safari si ya matembezi. Usiku kijana akiwa amelala, mzee anaichukua simu ya mkononi ambayo kwayo Réda huwasiliana na mchumba wake, anaitupa kwenye takataka. Hakumwuliza wala hakumwonya. Twaweza kusema kwamba mzee aliona simu ile inamtoa kijana safarini, na huenda aliona kweli. Lakini kitendo chenyewe ni cha dhuluma, na mwongozaji hakijengei udhuru.

Kwa upande wa pili, kijana naye ana yake. Huko mbele njiani, fedha zikiwa zimewapungua, mzee anatoa sadaka kwa mwanamke maskini mwenye mtoto. Réda anamnyang'anya mwanamke fedha hizo, na mzee anampiga kofi mwanawe. Ukizilinganisha sehemu hizi mbili utaona kwamba mtunzi amezipima. Mzee alitupa kitu ambacho kwa mwanawe kilikuwa na thamani kuliko chakula, naye kijana alipokonya kitu ambacho kwa babaye kilikuwa na thamani kuliko fedha. Hakuna aliyejua alichokiharibu. Kama tukitafuta mwenye hatia mmoja, hatutampata, na mwanafunzi atakayeandika kwamba kijana ndiye mkosaji au kwamba mzee ndiye mkosaji atakuwa ametazama nusu ya filamu.

Basi ni nini kinachowakaribisha? Jibu letu ni kwamba ni njia yenyewe. Wazee wetu husema kwamba humjui mtu mpaka usafiri naye, na filamu hii inaonyesha namna jambo hilo linavyotendeka. Motokaani watu wawili hawatazamani. Wamekaa ubavu kwa ubavu, macho yote mbele. Ndivyo wakaavyo watu barazani, na wengi wetu twajua kwamba neno zito hulitoa mtu barazani jioni, akiitazama barabara, kuliko akikabiliwa uso kwa uso. Tena njia ina shida zake zisizobagua aliyesoma na asiyesoma. Wanavumilia baridi na theluji ya nchi za Balkani, mzee akaugua hata akapelekwa hospitali, na kijana akajikuta kwa mara ya kwanza anamhofia badala ya kumhofu. Tofauti ya maneno haya mawili ndiyo safari yote. Kumhofu baba ni kuogopa atakachokutenda. Kumhofia ni kuogopa kitakachompata.

Baada ya hayo ndimi zinaanza kulegea. Kijana anauliza swali ambalo alipaswa kuliuliza kabla ya kuondoka: kwa nini mzee hakupanda ndege? Jibu la mzee ndilo kiini cha ushairi wa filamu hii. Anaeleza kwamba maji ya bahari yanapopanda mbinguni ndipo yanapopoteza uchungu wake yakawa safi, na kwa ajili hiyo kuhiji kwa miguu ni bora kuliko kwa farasi, kwa farasi bora kuliko kwa motokaa, kwa motokaa bora kuliko kwa meli, na kwa meli bora kuliko kwa ndege. Mtu asiyejua kusoma ametoa hoja kwa tashbihi timamu, na aliyesoma anakosa la kujibu. Sisi wa Pwani tungeweza kuongeza kwamba babu zetu waliokwenda hija kabla ya ndege walivuka bahari, na safari hiyo ilikula siku nyingi za maisha yao. Mtu alifika Makka akiwa amekwisha kusafishwa na njia.

Pia mzee anamsimulia mwanawe habari ya baba yake mwenyewe, aliyekwenda Makka juu ya nyumbu. Mzee wakati huo alikuwa mtoto, na alikuwa akipanda kilimani kutazama, ili awe wa kwanza kumwona baba akirudi. Tusiipite habari hii haraka. Hapa ndipo kijana anapogundua kwamba mtu huyu mkali, asiye na jina ila baba, aliwahi kuwa mwana. Aliwahi kungoja. Aliwahi kumtamani baba aliye mbali. Katika tenzi za wasia mzazi hutueleza dunia ilivyo. Ni nadra mno kutueleza alivyokuwa alipokuwa mdogo na mnyonge. Mzee huyu hana elimu ya kutunga utenzi, lakini amempa mwanawe kitu ambacho tenzi nyingi hazikutoa.

Sasa tulirejee neno letu. Kwa Kiswahili, radhi ni ridhaa ya mzazi, baraka ambayo mtoto huitafuta asije akapata laana. Neno hilohilo ndilo tulitumialo tunapoomba msamaha: niwie radhi. Lugha yetu imeviweka baraka na msamaha katika chungu kimoja. Karibu na mwisho wa safari, kijana anatoka usiku kwenda kustarehe, na anarejea na mwanamke hotelini. Mzee anaona, anakasirika, anashika njia peke yake. Kijana anamfuata, na katika kumsihi anamwuliza kama katika dini yake hakuna msamaha. Ni swali la ujanja, na pia ni swali la kweli. Ni mara ya kwanza kwa Réda kuitumia hoja ya babaye dhidi ya babaye, yaani ni mara ya kwanza anasema kutoka ndani ya dunia ya mzee. Mzee hamjibu kwa hotuba. Safari inaendelea wakiwa pamoja. Hiyo ndiyo radhi, na imetolewa kwa kitendo.

Kabla hawajafika, mzee anakiri kwamba amejifunza mengi katika safari hii, na kijana anasema naye vilevile. Ni maneno machache, lakini ndani yake mna jambo ambalo wasia wa jadi haukulizoea: mzazi anasema mbele ya mtoto kwamba amefunzwa, na mtoto anajibu.

Makka inapofikiwa, picha zinapanuka. Baadhi zilipigwa Makka kwenyewe, katikati ya mahujaji halisi, na mtazamaji aliyezoea kuwaona watu wawili ndani ya kijumba cha chuma anatupwa ghafla katika bahari ya watu waliovaa shuka nyeupe za ihramu. Mzee anakwenda na wenzake kutimiza ibada, na jioni harudi. Kijana anamngoja, kisha anamtafuta katika umati. Yule mtoto wa kilimani aliyengoja baba sasa ana mwenziwe. Hatimaye anapelekwa mahali walipolazwa waliofariki, na humo anamkuta babaye. Analia kama alivyokuwa hajawahi kulia.

Wako watakaosema kwamba mwisho huu ni mahubiri: kijana mpotovu amerudishwa kwenye dini kwa pigo la mauti. Hatukubaliani nao. Filamu haituonyeshi kwamba Réda ameanza kusali wala kwamba amemwacha mchumba wake. Inatuonyesha kwamba kabla ya kuondoka anampa sadaka mwanamke maskini. Mkono ule uliopokonya sasa umetoa. Wala mauti si adhabu kwa kijana, maana radhi aliipata baba akiwa hai, njiani. Ndiyo sababu kilio chake chaweza kuvumilika. Tungekuwa na kisa kingine kabisa, chenye uchungu usio na dawa, kama mzee angalifariki siku ile waliyogombana juu ya simu.

Hata hivyo filamu hii haikosi dosari. Wanawake wake karibu wote ni kivuli. Mama amebaki nyumbani, na fikira zake juu ya safari hii hatuzijui. Mwanamke mmoja mkongwe anapanda motokaani huko Balkani, karibu hasemi neno, na anaachwa njiani kama mzigo. Mtunzi amemtumia kuwa fumbo tu, hakumpa utu wake. Kadhalika Mustapha, Mturuki anayewasaidia kisha akatuhumiwa fedha zinapopotea, anaondolewa katika kisa kwa urahisi uliopita kiasi. Katika kazi inayozungumzia msamaha kwa kina namna hii, tulitazamia kuona mgeni anayeshukiwa akipewa uzito zaidi. Wasafiri walijifunza kusikilizana wao kwa wao. Kumsikiliza mtu wa kando ya njia hawakujifunza.

Jambo jingine halikuwa katika uwezo wa mtunzi. Tangu mwaka 2011 Syria, ambayo wasafiri hawa wanaipita mwaka 2004 kwa misukosuko ya kawaida ya msafiri, iliingia katika vita vilivyoua watu wengi na kuwafukuza mamilioni makwao. Anayeitazama filamu leo anaona barabara na watu kwa jicho jingine. Safari ambayo mzee aliiona ndefu mno ilikuwa pia ni neema iliyopita.

Ni nini basi tunachowashauri walimu? Tunashauri filamu hii itazamwe sambamba na "Utenzi wa Adili" wa Shaaban Robert. Kazi hizi mbili hazishindani. Utenzi unaonyesha uzuri wa mzazi aliye na maneno, na filamu inaonyesha ugumu wa mzazi asiye nayo. Wanafunzi wakishazielewa zote mbili, wapewe kazi ya kutunga jibu la mwana. Ushairi wetu umezoea majibizano. Washairi wamejibizana magazetini kwa miaka mingi juu ya mambo makubwa na madogo. Lakini mtoto hajaachiwa sana nafasi ya kumjibu mzazi kwa vina na mizani, kwa adabu na kwa ukweli. Atakayejaribu ataona kwamba si kazi rahisi, kwa maana hawezi kumjibu mzazi kabla hajamwuliza alikuwa nani kabla ya kuwa baba au mama. Akienda nyumbani kuuliza hilo, somo litakuwa limefika mahali ambapo ubao na chaki havifiki.